Dhahabu Iingie Nyumbani, Sumu Ibaki Nje

Kwa familia nyingi za Geita, Kahama na Chunya, dhahabu si pambo la harusini. Ni ada ya shule, ni bati la nyumba, ni unga wa wiki hii. Inakadiriwa kwamba Tanzania ina wachimbaji wadogo zaidi ya milioni moja, na wanawake miongoni mwao ni wengi. Wapo wanaoponda mawe, wanaobeba viroba, wanaoosha mchanga kwenye mialo, na wanaopikia wachimbaji chakula kando ya maduara. Hata mama ambaye hajawahi kukanyaga machimboni, kama mume au kijana wake anashinda huko, machimbo humfuata mpaka nyumbani.

Tukitaja hatari za machimbo, mara moja tunafikiria shimo kuporomoka. Na ni kweli, maduara yameua wengi. Mwezi Januari 2024, watu 22 walifukiwa na kifusi wakafa katika wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu. Huko Mererani, mvua kubwa za mwaka 1998 na za mwaka 2008 zilijaza maji migodini, na makumi ya watu wakapoteza maisha. Misiba ya namna hiyo tunaisikia redioni, tunalia na wenzetu, tunachanga rambirambi.

Lakini iko hatari nyingine ambayo haitangazwi. Haimwangushi mtu siku moja. Huingia nyumbani polepole, katika nguo za kazi, katika viatu, katika karai la kukopa, na katika moshi wa jikoni. Hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia mwezi huu, kwa sababu wanaoumia zaidi ni mtoto mchanga na mtoto aliye bado tumboni, na kwa sababu mengi ya kuizuia yamo mikononi mwetu sisi akina mama.

ZEBAKI NI KITU GANI?

Wengi wetu tumeiona. Ni ile maji ya rangi ya fedha, nzito ajabu, inayokimbiakimbia kama shanga ikimwagika mezani. Uzito wake ni zaidi ya mara 13 ya uzito wa maji. Chupa ndogo ya robo lita ikijaa zebaki huzidi kilo tatu. Wachenjuaji huitumia kwa sababu ina tabia ya kushikamana na dhahabu. Mawe yakishasagwa kwenye karasha na mchanga wake kuoshwa, zebaki humwagwa kwenye karai, ikakusanya chembe za dhahabu ambazo jicho haliwezi kuziona. Kisha hukamuliwa kwa kitambaa, mara nyingi kwa mikono mitupu, na kinachobaki ni donge la rangi ya fedha. Karibu nusu ya donge hilo ni zebaki.

Ili dhahabu ipatikane peke yake, donge huchomwa motoni. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Zebaki haiungui ikaisha kama kuni. Inageuka kuwa mvuke usio na rangi wala harufu, na anayesimama karibu anauvuta bila kujua. Sehemu kubwa ya mvuke unaovutwa, kama asilimia 80, hupita kwenye mapafu na kuingia katika damu, kisha hufika kwenye ubongo na kwenye figo. Mvuke uliobaki hupoa na kutua: ukutani, juu ya dari, kwenye godoro, ndani ya sufuria za ugali.

Na inachomewa wapi donge hilo? Mara nyingi nyumbani. Dhahabu ni mali, na mwenye mali huogopa macho ya watu. Kwa hiyo mlango unafungwa, mkaa unawashwa, na kikaango au kijiko kinawekwa motoni, watoto wakiwa wamelala chumba cha pili. Hata usipochoma kitu, zebaki iliyoachwa kwenye chupa isiyo na kifuniko huendelea kutoa mvuke kidogo kidogo, usiku na mchana. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Na mwilini mwa binadamu zebaki hujaza kibaba chake hivyo hivyo.

MTOTO ALIYE TUMBONI

Mama mjamzito akivuta mvuke wa zebaki, havuti peke yake. Sumu hii hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto, wakati ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Mtoto anaweza kuzaliwa akionekana mzima, halafu mama akashangaa baadaye kwamba mwanawe anachelewa kukaa, anachelewa kutembea, anachelewa kusema, au darasani hashiki anachofundishwa. Majirani watasema karogwa. Wengine watamlaumu mama. Kumbe jambo lilianzia kwenye kikaango.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa uchungu mwingi huko Japani. Katika mji wa Minamata, kiwanda kimoja cha kemikali kilimwaga baharini maji machafu yenye zebaki kwa miaka mingi, tangu 1932 hadi 1968. Zebaki hiyo, ya aina kali zaidi, iliingia katika samaki, na wavuvi na familia zao wakala samaki hao. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Watu walitetemeka, wakapoteza uwezo wa kuona na kutembea, wengi wakafa. Jambo lililowashangaza madaktari ni kwamba akina mama ambao wao wenyewe walionekana kuumwa kidogo tu walijifungua watoto walioharibika vibaya ubongo. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba tumbo la mama humkinga mtoto na kila sumu. Minamata ilionyesha kwamba sivyo.

Kwa jina la mji huo, mataifa yaliandika Mkataba wa Minamata mwaka 2013, na ukaanza kutumika mwaka 2017. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Miongoni mwa mambo ambayo mkataba unataka yakomeshwe ni kuchoma dhahabu yenye zebaki mahali pa wazi bila kifaa cha kunasa mvuke, na kuichoma katika makazi ya watu. Kwa hiyo mama anayesema, "Humu ndani hapachomwi dhahabu," haleti ukaidi wala masharti ya kizungu. Anasema jambo ambalo nchi yake imekwisha kulikubali.

Je, tuache kula samaki? Hapana. Samaki ni chakula bora kwa mama na mtoto, na vipimo vilivyofanyika vimeonyesha kwamba samaki wa Ziwa Victoria kwa jumla wana zebaki kidogo. Wa kuepukwa ni wale wanaovuliwa kwenye vijito na madimbwi yanayopokea maji ya mialo na marudio. Hao tusiwapike, na tusiwape watoto.

VUMBI LISILOONEKANA

Adui wa pili ni vumbi. Mawe magumu yanayobeba dhahabu yana kitu kinachoitwa silika. Yakitobolewa, yakipondwa au yakisagwa makavu, hutoa vumbi laini sana, ambalo chembe zake hatari zaidi hata jicho halizioni. Vumbi hilo likifika ndani kabisa ya mapafu halitoki tena. Mapafu hufanya makovu, yakakakamaa, na mtu akaanza kuhema kwa shida hata akipanda kilima kidogo. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya.

Utafiti mmoja uliofanyika Geita na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba silika katika hewa ya wanaotoboa miamba chini ya ardhi ilizidi kiwango kinachoshauriwa kwa zaidi ya mara 300. Hata juu ya ardhi, wanakofanya kazi akina mama wengi, ilizidi mara kadhaa. Mama anayeponda mawe huku mwanawe yuko mgongoni anapaswa kukumbuka kwamba pua mbili zinavuta vumbi lile lile.

Mapafu yaliyochokozwa na silika hushikwa kwa urahisi na kifua kikuu. Hapa ndipo ugonjwa wa machimboni unapogeuka kuwa ugonjwa wa familia nzima, kwa sababu kifua kikuu huambukiza kwa hewa, na familia zetu nyingi hulala chumba kimoja. Kikohozi cha wiki mbili cha mtu wa machimboni kisiitwe "vumbi tu." Aende akapimwe. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali, na dozi ya kawaida ya miezi sita ikimezwa yote, ugonjwa unapona.

MAWE YASILALE NYUMBANI

Mwanzoni mwa mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini mwa Nigeria, watoto walianza kufa vijiji kwa vijiji. Walishikwa na degedege, wakapoteza fahamu, wakafa. Wazazi walidhani ni malaria. Kumbe mawe ya dhahabu ya eneo lile yalikuwa na madini ya risasi kwa wingi, na familia zilikuwa zikiyaleta nyumbani. Waliyaponda uani, wakayasaga kwa mashine zile zile za kusagia nafaka, na vumbi likatua ardhini ambako watoto wanatambaa na kutia vidole mdomoni. Watoto zaidi ya 400 walikufa kabla uchafu haujaondolewa na matibabu kuwafikia walioathirika.

Tunaleta kisa hiki si kwa sababu kila jiwe la dhahabu lina risasi nyingi namna ile. Mawe hutofautiana mahali hata mahali. Lakini mama hawezi kujua kwa macho kilichomo ndani ya jiwe. Na wazazi wa Zamfara hawakuwa wazembe. Walikuwa wakitafuta riziki, na uani palikuwa mahali salama pa kulinda mali isiibwe. Ni hesabu ile ile tunayoipiga na sisi tunapohifadhi viroba vya mawe chini ya kitanda.

MTOTO NA MACHIMBO

Maisha yakibana, mtoto wa darasa la nne huonekana mkubwa wa kutosha kubeba ndoo au kukamua zebaki. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti juu ya watoto katika machimbo ya dhahabu ya Tanzania. Walikuwamo watoto wa miaka minane tu wakifanya kazi hizo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi machimboni. Sababu si umri wake tu. Mwili unaokua hunyonya sumu upesi kuliko wa mtu mzima, na ubongo ukiharibika haurudi. Elfu chache anazoleta leo zaweza kuwa bei ya akili yake ya kesho.

DALILI ZA KUANGALIA

Zebaki haina dalili moja inayopiga hodi. Lakini mtu anayefanya kazi nayo, au anayeishi penye mvuke wake, yatupasa tumwangalie akianza:

Kutetemeka vidole, hata kushika kikombe cha chai ikawa shida, au mwandiko wake kuharibika.

Kusahausahau, kukosa usingizi, na kuwa mkali au mwoga kwa namna isiyo kawaida yake.

Kuumwa kichwa mara kwa mara, kuhisi ladha ya chuma mdomoni, fizi kuvimba na mate kujaa.

Kupepesuka anapotembea, au kufa ganzi mikono na miguu.

Ndoa ngapi zimevurugika kwa baba aliyebadilika tabia, akawa mwenye hasira za ghafla, na hakuna aliyewaza kwamba huenda ni ugonjwa! Mkifika hospitali, msiseme tu "anaumwa kichwa." Mwambieni mganga wazi: "Anachoma dhahabu kwa zebaki," au "Anatoboa miamba." Neno hilo moja laweza kumwongoza apime kitu sahihi. Wewe nawe ukienda kliniki ya wajawazito, mwambie muuguzi kazi inayofanyika nyumbani kwako.

Na tusidanganyane juu ya maziwa. Wachimbaji wengi huamini kwamba glasi ya maziwa baada ya kazi husafisha kifua na kuondoa sumu. Maziwa ni chakula kizuri, tuwape. Lakini hayaondoi vumbi lililoko kwenye mapafu, wala hayatoi zebaki iliyoingia katika damu. Anayeyategemea hupata ujasiri wa bure, akaendelea kuvuta mvuke. Habari njema ni hii: mtu akiacha kuivuta zebaki, mwili wenyewe huanza kuipunguza polepole kwa muda wa miezi kadhaa. Kwa hiyo hakuna aliyechelewa kuacha.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Dhahabu isichomwe ndani ya nyumba, jikoni wala uani. Ichomwe mbali na makazi, kwa kifaa kiitwacho ritoti. Hiki ni chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba. Mvuke hupita kwenye bomba, hupoa, na zebaki hurudi kuwa maji. Kisifunguliwe mpaka kipoe kabisa.

2. Sufuria, kikaango, kijiko au beseni lililogusa zebaki lisirudi jikoni kamwe, hata likisuguliwa kwa majivu. Wala lisitumike kumwogeshea mtoto.

3. Nguo za kazi zibadilishwe kabla ya kuingia ndani. Zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi wala mashuka, na maji yake yasimwagwe kisimani au kwenye bustani ya mboga. Mwenye kutoka kazini aoge kabla ya kumpakata mtoto.

4. Chupa ya zebaki isiwekwe chumbani. Ikibidi iwepo, ifungwe barabara na ihifadhiwe nje ya nyumba, mahali pa kufuli, mbali na watoto ambao hupenda kuichezea.

5. Zebaki ikimwagika, usifagie, kwa kuwa ufagio huipasua ikawa vipunje vingi zaidi. Toa watoto, fungua madirisha, ikusanye kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, uitie kwenye chupa yenye kifuniko.

6. Mawe na mchanga wa machimbo visiletwe nyumbani, wala visisagwe kwenye mashine ya unga. Mawe yamwagiwe maji kabla ya kupondwa ili vumbi lisiruke. Kitambaa cha kujifunga puani hakizuii vumbi lile laini.

7. Mama mjamzito na anayenyonyesha asishike zebaki wala asikae panapochomwa dhahabu. Lakini asiache kunyonyesha kwa hofu. Aiache zebaki, amnyonyeshe mwanawe, na apate ushauri kliniki.

KUZUNGUMZA NA BABA WA NYUMBA

Tunajua kwamba kuandika ni rahisi kuliko kutenda. Mama anaweza kuogopa kuonekana anadharau kazi inayomlisha. Basi asianze kwa kulaumu, wala asizungumze baba akiwa ndio kwanza anavua viatu kwa uchovu. Amngoje ale, apumzike, kisha amwite kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama walivyozoea, amwambie: "Kazi yako ndiyo inayotulisha na ninaishukuru. Ninachoomba ni kwamba hii ya kuchomea humu ndani tuihamishe, kwa ajili ya huyu mtoto."

Amweleze pia upande wa fedha, maana wanaume wengi husikia hesabu. Zebaki hununuliwa. Inayopotea kwenye moshi ni fedha iliyopotea. Inayonaswa na ritoti hutumika tena. Kifaa hicho kinaweza kununuliwa na kikundi kwa kuchanga, kama tunavyochangia mambo mengine. Maafisa wa madini na wa mazingira wa halmashauri waulizwe wanaweza kuwafundisha vipi; kuuliza si aibu.

Wapo pia wenzetu ambao hawana wa kuzungumza naye. Ni wajane, au waliotelekezwa, na ni wao wenyewe wanaochenjua marudio ili watoto wapate kula. Hao tusiwahukumu. Kama mmoja wao ni mjamzito, wenzake wa pale mwaloni wapokezane kazi ile: yeye achote maji au aoshe mchanga ambao haujatiwa zebaki, na mwingine, mtu mzima, achome kwa ritoti. Vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa vingeweza kuanza hapo, kwa kununua kifaa kimoja cha wote, kama vinavyonunua sufuria kubwa za shughuli.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe bado ni mdogo: ni kikaango kimoja cha kutupa, ni ndoo moja ya maji ya kuogea iwekwe nje ya mlango, ni viroba viwili vya kuhamisha chini ya kitanda. Mengine yanahitaji serikali na wenye leseni. Haya matatu, mama mpendwa, tunaweza kuyaanza leo jioni kabla watoto hawajalala.